Fedha za nishati safi zinapita wapi? Tafakari kutoka Likasi



Mwaka jana, mvua zilipokuwa zinakaribia kwisha, taa za sola zilizima katika chumba cha kujifungulia cha zahanati moja iliyo chini ya jumuiya yetu. Paneli zilikuwa bado juu ya paa, nzima kabisa, na jua halikukosekana. Betri ndizo zilikuwa zimekufa. Marafiki wa mbali walitupa vifaa hivyo miaka minne kabla. Siku ya kuvipokea tuliimba, tukapiga picha, tukakata utepe. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza: betri hizi zikichoka, atanunua nani nyingine? Basi wakunga wakarudi kwenye tochi ya simu. Mama mmoja alijifungua huku shemeji yake amesimama pembeni na simu mbili, moja kila mkono. Mtoto ni mzima, Mungu asifiwe. Lakini sisi viongozi usingizi ulitupungua.

Tunaanza na kosa letu wenyewe ili msomaji asidhani tunakuja kuhukumu wengine. Siku hizi fedha za nishati safi zinatajwa kila mahali: kwenye mikutano ya marais, kwenye redio, kwenye barua za washirika wetu wa ng'ambo. Inasemwa kwamba taasisi za umma, watawala wa kimila na mashirika yasiyotafuta faida, makanisa yakiwemo, wanaweza kuzipata. Swali letu ni rahisi: fedha hizo zinapita wapi, nani ana haki ya kuziomba, na kwa nini zinafika kwenye hotuba mapema kuliko zinavyofika kwenye taa ya mkunga?

Mji uliokua pamoja na umeme

Likasi si mji usioujua umeme. Kituo cha Mwadingusha, kwenye maporomoko ya mto Lufira, kilianza kuzungusha mashine zake mwaka 1930. Baadaye kikaja Koni kwenye Lufira hiyohiyo, kisha Nzilo na Nseke kwenye Lualaba katika miaka ya 1950. Vyote vinatumia nguvu ya maji. Kwa lugha ya leo tungesema sisi tulikuwa na nishati safi kabla dunia haijaanza kuitafuta.

Lakini vituo hivyo vilijengwa kwa ajili ya migodi na viwanda vya Union Minière. Nyumba za watu zilipata kilichobaki. Laini ya umeme kutoka Inga ilipofika Kolwezi mwaka 1982, baada ya kupita nchi kwa kilomita kama 1,700, nayo ilikuja kwa ajili ya shaba. Vijiji vingi vilivyo chini ya nyaya hizo viliendelea na taa za mafuta. Hata uraniamu ya Shinkolobwe, hapa jirani, iliyotumika kutengeneza mabomu ya mwaka 1945, ilitoka ardhini kwetu na kwenda mbali bila kuacha taa nyuma yake.

Mtindo huo haujaisha. Miaka ya karibuni kampuni ya Kamoa Copper na SNEL zilikarabati Mwadingusha, na mwaka 2021 mashine zake sita zilikuwa zinafanya kazi tena, zikiwa na uwezo wa megawati 78. Ni kazi njema, na tunaishukuru. Lakini aliyetoa fedha alikuwa mgodi unaohitaji umeme, na kwa mkataba mgodi una haki ya kupata umeme kama malipo ya fedha zake. Hivyo ndivyo biashara ilivyo: mwenye kuleta mtaji ndiye anayepanga foleni. Mama wa Kikula au Panda hayupo kwenye foleni hiyo, kwa sababu hakuna taasisi iliyoleta mtaji kwa jina lake.

Matokeo tunayaona jikoni. Umeme ukikatika, na hata ukiwepo, bukari inapikwa kwenye mbabula. Asubuhi barabara zinazoingia mjini zina baiskeli zilizobebeshwa magunia ya makala, kijana akisukuma kilima kwa kilima. Kila gunia ni miti ya miombo iliyokatwa. Msitu unarudi nyuma, makala yanapanda bei, na mapafu ya mama zetu yanalipa. Kwa hiyo tukisema "nishati safi" hatuzungumzii anasa ya Wazungu. Tunazungumzia moshi wa jikoni, chanjo ndani ya friji, na mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa dola usiku.

Fedha za mbali

Tuanze na fedha zinazotoka mbali. Mwezi wa Januari 2025 marais wa Afrika walikutana Dar es Salaam pamoja na Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika, katika mpango unaoitwa Mission 300: kuwafikishia umeme watu milioni 300 kabla ya mwisho wa mwaka 2030. Nchi kumi na mbili zilileta mipango yao, na Kongo yetu ilikuwa mojawapo. Kwetu, karibu mtu mmoja tu kati ya watano ana umeme. Serikali imeahidi kwamba kufikia 2030 watapita asilimia 60.

Kabla ya hapo, mwaka 2022, Benki ya Dunia ilipitisha mradi wa dola milioni 600 wa umeme na maji kwa miji iliyochaguliwa na pembezoni mwake. Mwezi wa Juni 2025 ikapitisha dola milioni 250 kama hatua ya kwanza ya mpango wa dola bilioni moja unaohusu Inga 3. Nchini kwetu kuna pia ANSER, shirika la serikali la kupeleka umeme vijijini na pembezoni mwa miji, pamoja na mfuko wake unaoitwa Mwinda, neno ambalo ndugu zetu wa Kilingala wanajua maana yake ni taa. Hayo yote yana mizizi katika sheria ya umeme ya Juni 2014, iliyofungua sekta hii kwa wengine zaidi ya SNEL na kuyapa majimbo sauti katika miradi ya mahali.

Msomaji atauliza: je, kanisa au zahanati yake inaweza kuandika barua Benki ya Dunia ikapewa paneli? Hapana. Fedha hizi hupita serikalini, kisha kwa kitengo cha mradi, kisha kwa makandarasi. Zahanati inaweza kufaidika kwa njia moja tu: iwe kwenye orodha. Na orodha huandikwa na watu wanaojua kwamba zahanati hiyo ipo, ina wagonjwa wangapi, inatumia umeme kiasi gani, na jengo ni la nani kisheria. Taasisi isiyo na karatasi haionekani, hata ikiwa inazalisha watoto kila usiku.

Tena fedha za mbali zina tabia ya hali ya hewa. Tutoe mfano wa Marekani. Mwezi wa Agosti 2022 nchi ile ilipitisha sheria iliyoyapa makanisa, miji, shule na serikali za makabila ya Wenyeji wa Amerika haki ya kulipwa moja kwa moja sehemu ya gharama za sola, mara nyingi asilimia 30. Kabla ya hapo nafuu hiyo ilikuwa kwa wanaolipa kodi tu, na kanisa lisilolipa kodi lilibaki nje. Ilikuwa hatua ya haki. Lakini mwezi wa Julai 2025 sheria nyingine ikafupisha muda wa nafuu hiyo kwa jua na upepo, na walioanza kupanga polepole wakaanza kukimbia. Mwaka huohuo Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID, na mpango wa Power Africa uliokuwa umeanza mwaka 2013 ukafungwa pamoja nalo. Ikiwa mvua ya mbali inaweza kukatika hata kwa wenye nchi yao, sisi tunaosubiri matone yake tufanye nini?

Fedha za karibu

Hapa ndipo tunaomba mtusikilize vizuri. Kuna fedha ambazo hazitoki ng'ambo. Zinatoka chini ya miguu yetu, na sheria imeandika njia yake.

Sheria ya madini iliyobadilishwa Machi 2018 inasema kwamba kampuni ya kuchimba inalipa mrabaha juu ya thamani ya madini: asilimia 3.5 kwa shaba, na asilimia 10 kwa madini yaliyotangazwa kuwa ya kimkakati, kobalti ikiwa mojawapo. Mrabaha huo unagawanywa sehemu nne. Asilimia 50 ni ya serikali kuu, 25 ya jimbo, 15 ya mamlaka ya mahali ambapo uchimbaji unafanyika, na 10 ya mfuko wa vizazi vijavyo.

Mamlaka ya mahali ni nani? Katiba yetu inawataja: mji, komini, sekta na sheferi. Maana yake utawala wa kimila, ule wa mfalme au chifu tunayempigia makofi tukimsalimu, ni mamlaka ya umma yenye bajeti, sawa na komini. Chifu si mtu wa kuombwa baraka tu siku ya kufungua mgodi. Ni mpokeaji halali wa fedha za wananchi wake, na kwa sababu hiyo ni mtu wa kuulizwa.

Tufanye hesabu ndogo. Mgodi ukiuza shaba ya dola 1,000,000, mrabaha ni dola 35,000. Asilimia 15 yake ni dola 5,250 kwa komini au sheferi. Madini hayo yakiwa kobalti, mrabaha ni dola 100,000, na mahali panapata 15,000. Zaidi ya hapo, sheria ileile inaidai kampuni kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya maendeleo ya jamii, inayosimamiwa na chombo chenye wawakilishi wa kampuni na wa wananchi. Kwa mauzo ya dola 1,000,000 hiyo ni dola 3,000. Tatu, kuna kitabu cha ahadi, kaye de sharji, ambamo kampuni na jamii zinazouzunguka mgodi huandika kazi zitakazofanywa kwa muda wa miaka kadhaa. Umeme wa zahanati unaweza kuandikwa humo kama kisima au darasa.

Si kila komini ina mgodi, na kampuni zinauza kwa viwango tofauti. Kuna pia mabishano ya nani hasa apokee pale mji na komini vinapokutana kwenye ardhi moja. Na kobalti yenyewe haitulii: Februari 2025 serikali ilisimamisha kuiuza nje, na Oktoba ikaweka viwango vya kila kampuni. Mwenye bajeti iliyosimama juu ya kobalti peke yake anajua jinsi mwaka huo ulivyomyumbisha. Lakini hata tukipunguza yote hayo, ukweli unabaki: kwa zahanati nyingi za Haut-Katanga, fedha za kununua paneli na betri ziko karibu zaidi kuliko Washington.

Kwa nini hazifiki kwenye taa

Tumezungumza na wazee wa kanisa, walimu, wauguzi na watumishi wa komini. Tunaona sababu tatu.

Ya kwanza: hatuombi kitu kilichopimwa. Tunakwenda kwa meya au chifu tukisema, "Baba, tusaidie umeme." Baba anajibu, "Nimesikia," na wote tunasema kweli. Ombi linalojibika linasema hivi: friji moja ya chanjo, taa nane, mashine moja ya kusafishia vyombo, saa kumi na mbili kila siku, vifaa ni hivi, bei ya wauzaji watatu ni hii, fundi ni huyu, na fedha za kutunza zitatoka hapa.

Ya pili: hatusomi hesabu. Kongo ni mwanachama wa mpango wa kimataifa wa uwazi katika madini, ITIE, na taarifa zake zinachapisha malipo ya makampuni, pamoja na yale yanayokwenda kwa mamlaka za mahali. Bajeti ya komini nayo ni hati ya umma. Sisi wachungaji tunaweza kumwambia muumini jina la baba yake Methusela, lakini hatujui komini yetu ilipokea kiasi gani mwaka uliopita. Mahali ambapo hakuna anayesoma, anayeandika anajifunza kuandika anachotaka.

Ya tatu, na ndiyo iliyotuangusha sisi: tunapenda kujenga kuliko kutunza. Kujenga kuna utepe na picha. Kutunza kuna daftari na funguo tu. Betri za kawaida za risasi huchoka kwa miaka mitatu hadi mitano. Za lithiamu hudumu zaidi, lakini ni ghali. Hapa turekebishe jambo linalosemwa sana mitaani, kwamba sola yote inatembea kwa kobalti yetu. Shaba, ndiyo, iko katika kila waya. Lakini betri nyingi za sola za siku hizi hazina kobalti. Kobalti huenda zaidi kwenye simu na magari ya umeme. Kwa hiyo tusidhani kwamba mwenye kuuza kobalti amejiwekea akiba ya betri. Akiba inawekwa kwa mkono, mwezi kwa mwezi.

Hesabu yake haitishi. Tuseme betri za zahanati zinagharimu dola 1,800 na zinadumu miaka mitano. Hiyo ni dola 360 kwa mwaka, au dola 30 kwa mwezi. Dola moja kwa siku. Zahanati yetu ilikuwa inatumia zaidi ya hapo kwa mafuta ya jenereta kabla ya sola kuja. Tulipopata sola, tulifurahi kwamba gharama imekwisha. Haikuisha. Ilikuwa imejificha kwa miaka minne.

Kivu ya Kaskazini inatupa mfano wa kujifunza. Shirika lisilotafuta faida la Virunga, likifanya kazi pamoja na taasisi ya taifa ya hifadhi, lilijenga vituo vya maji, kimojawapo ni Matebe cha megawati 13.6 kilichofunguliwa mwaka 2015. Fedha za kujenga zilitoka kwa wafadhili kama Umoja wa Ulaya na mfuko wa Howard Buffett. Lakini mwenye nyumba na mwenye kinu hulipa umeme anaotumia, na malipo hayo ndiyo yanayosaidia kuweka mafundi kazini. Vita vimewatesa, na hatujui mtu anayeweza kuwaonea wivu. Ila fundisho ni wazi: msaada unaweza kujenga kituo, lakini hauwezi kukitunza kila mwezi. Hilo ni la wanaokitumia.

Sanduku la Yehoyada

Katika 2 Wafalme sura ya 12 kuna habari ambayo sisi wahubiri tunaipita haraka kwa sababu haina muujiza. Mfalme Yoashi aliwaagiza makuhani wapokee fedha za watu na kutengeneza nyufa za hekalu. Miaka ikapita. Katika mwaka wa ishirini na tatu wa utawala wake, nyufa zilikuwa palepale. Maandiko hayasemi makuhani walikuwa wezi. Yanasema tu kwamba fedha ziliingia na hekalu halikutengenezwa. Msomaji wa Likasi haitaji maelezo zaidi.

Dawa yake ilikuwa nini? Kuhani Yehoyada alitwaa sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu mahali ambapo kila anayeingia analiona. Lilipojaa, walikuja watu wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakahesabu pamoja. Fedha zikaenda moja kwa moja kwa maseremala, waashi na wakata mawe. Angalieni: mtu wa serikali na mtu wa dini kwenye meza moja, kila mmoja akiona mkono wa mwenzake. Na fedha zile zilikuwa za matengenezo.

Paulo naye, alipobeba mchango wa makanisa kwenda Yerusalemu, alikataa kuubeba peke yake. Katika 2 Wakorintho sura ya 8 anaeleza kwamba alitaka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za watu pia. Kuna wachungaji wanaosema, "Mimi nitajibu kwa Mungu tu." Paulo hakuwa mmoja wao.

Kuna wanaotuonya: kanisa likianza kuuliza habari za mrabaha limeingia siasa. Tunawaheshimu, lakini tunaona tofauti. Kumpigia debe mgombea ni siasa ya chama. Kuuliza komini kama friji ya chanjo iko kwenye bajeti ni kazi ya jirani mwema. Wengine wanasema umeme ni jukumu la serikali, kwa nini sisi tuchange? Ni kweli, ni jukumu la serikali, na hatutaki kulibeba kwa niaba yake. Ndiyo sababu tunasema fedha za umma zinunue vifaa. Lakini zahanati ikishawaka, anayeitumia ana sehemu yake katika kuitunza, kama anavyofagia uwanja wake mwenyewe.

Hofu yetu kubwa ni nyingine. Kanisa linaweza kupokea sola kutoka kwa kampuni na likapoteza sauti yake siku mto utakapochafuliwa. Mdomo uliojaa hauongei. Kwa hiyo tunashauri: mchungaji asipokee vifaa vya mgodi kama zawadi, wala kwa jina lake, wala kwa simu ya usiku. Vipite kwenye njia ya sheria, kupitia chombo cha jamii, kitabu cha ahadi au bajeti ya komini, na viandikwe kuwa mali ya zahanati. Kilicho haki hakimfungi mtu mdomo. Zawadi humfunga.

Tufanye nini

Kwa makanisa na jumuiya zinazosoma ukurasa huu, tunapendekeza mambo manne, ambayo hayahitaji tajiri.

Andikeni mlicho nacho: kila shule na zahanati iliyo chini yenu, hati zake za ardhi, idadi ya wanaohudumiwa, na umeme unaohitajika. Orodha hiyo mkabidhi komini au sheferi, nakala moja kwa jimbo, nyingine mbaki nayo.

Waulizeni viongozi wa mahali, kwa heshima na kwa barua, mamlaka yenu ilipokea kiasi gani cha mrabaha na kimepangiwa nini. Nendeni watatu au wanne, wazee, akina mama na kijana mmoja anayejua hesabu. Chifu ana heshima yake: mwendeeni nyumbani kwanza kabla ya kumwandikia, ili barua isimkute kama mashtaka.

Muwe na mtu wenu kwenye chombo kinachosimamia ile asilimia 0.3, mtu aliyechaguliwa na jamii, anayerudi kutoa taarifa. Akiacha kurudi, chagueni mwingine.

Na kabla ya kupokea paneli yoyote, kutoka kwa yeyote, fungueni sanduku la betri. Funguo mbili, watu wawili wasio wa nyumba moja, na kiasi kilichomo kisomwe mbele ya watu kila mwisho wa mwezi. Fedha za mgodi zijenge, sanduku letu litunze, na vitabu vya pande zote mbili viwe wazi.

Sisi tumeanza. Miezi michache iliyopita marafiki walewale wa mbali waliandika kwamba wako tayari kutuletea betri mpya. Tulikaa kikao kirefu. Kuna waliosema mkono wa mgeni hausukumwi. Kuna muuguzi aliyesema maneno machache tu: "Mkipokea leo kama mlivyopokea zamani, baada ya miaka minne nitakuwa hapahapa na simu yangu." Kikao kikanyamaza.

Tuliwajibu wale ndugu kwa shukrani, tukawaomba wachange nusu, na wasubiri mpaka sanduku letu liwe na akiba ya mwaka mmoja. Nusu nyingine tumeipeleka komini kwa ombi lililopimwa, lenye bei tatu na jina la fundi. Jibu la komini bado hatujalipata. Sanduku lipo karibu na mlango wa zahanati, na Jumamosi iliyopita lilihesabiwa mbele ya akina mama waliokuja kupima watoto. Lilikuwa na akiba ya miezi mitano. Bado saba.

Wakati huo tunawanunulia wakunga taa ndogo za kuchaji, ili shemeji za watu wapumzishe mikono. Tunawaomba mtuombee tusichoke, na tunawaombea ninyi pia, popote mlipo na zahanati yenye paneli juu ya paa: nendeni kesho mkaulize betri zina miaka mingapi.

Bwana awabariki.